Mkasi wa Wifi

Wifi yangu alivunjika mkono kwa sababu hakutaka mtu mwingine apande stuli. Jora la bitana, kile kitambaa cha ndani ya nguo, lilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, na mimi nilikuwa nimesimama chini ya rafu hiyo hiyo, mrefu kumzidi, miguu yangu mizima. Nikamwuliza, "Wifi, nikuteremshie?" Akasema, "Wewe? Utaliburuza lishike vumbi." Akapanda mwenyewe. Stuli ikayumba, jora likatangulia, wifi akalifuata. Aliangukia mkono wa kushoto, na yeye ni mtu wa shoto: ndio anaoandikia, ndio anaokatia vitambaa, na akitaka kunigombeza, kidole cha mkono huo ndicho kinachonijia usoni.

Hata pale sakafuni, maumivu yamemkausha uso, neno lake la kwanza lilikuwa, "Limechafuka?"

Ningekuwa na mchi karibu ningemwongezea.

Tunashona pamoja kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu, ambaye ndiye mume wake. Kuna meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili zinazotazamana, kioo cha wateja kujiangalia, na dirisha linaloingiza mwanga wa asubuhi mpaka kwenye meza. Nilianza kushona naye tangu binti yao anabebwa mgongoni, na sasa binti huyo anaolewa. Miaka yote hiyo nimeunga mishono, nimekunja pindo, nimepachika vishikizo. Kukata, hapana. Kukata ni kwake peke yake.

Mkasi wake ni mkubwa, mweusi, wa chuma kizito. Aliachiwa na mzee aliyemfundisha kazi, na unalala kwenye droo yenye kufuli. Hata mnoa visu anayepita mtaani hajawahi kuugusa, maana wifi anasema yule mtu anakula chuma. Anaunoa mwenyewe uani, kwenye jiwe. Mkasi mwingine hauruhusiwi mle ndani; nyuzi nazikata kwa wembe.

Kila fundi aliyekuja kuomba kazi alipewa mkasi ule na kipande cha shuka kuukuu, akaambiwa akate mstari ulionyooka. Huo ndio uliokuwa mtihani, na hakuna aliyepata kuufaulu. Mkasi ukiwa mikononi mwao ulikunja kitambaa, ukakitafuna, ukaacha ncha zimechanika kama zimepitiwa na panya. Kisha wifi aliuchukua akapita na shuka hilo hilo, krrr, mstari umenyooka. "Umeona?" aliniambia wakishaondoka. "Hana mkono." Mimi mwenyewe nilijaribu zaidi ya mara moja nikatafuna shuka. Kwa hiyo nikakubali kwamba na mimi sina mkono, nikabaki na vishikizo vyangu.

Lakini shida ya wifi haikuwa mkasi tu. Nikifunga mlango, anarudi kuutikisa. Nikitia chumvi kwenye mboga, anaonja halafu ananiangalia. Mteja akileta vipimo alivyochukuliwa na fundi mwingine, anapimwa upya kuanzia shingo. Uzi ukidondoka nyuma ya meza, anasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na macho yake yanakuja kwangu, kana kwamba naiba nyuzi ili nikajengee nyumba. Na kaka yangu, maskini! Kaka ni dereva wa lori. Watu wanampa mzigo wa thamani avuke nao milima na mito, hawamfuati. Lakini nyumbani kwake haruhusiwi kushika pasi, kwa sababu zamani, kabla binti hajazaliwa, aliunguza kola ya shati la mteja. Tangu hapo akirudi safari anasimama mlangoni kwetu, mikono nyuma, anauliza, "Niwasaidie nini?" Nasi tunamjibu kwa pamoja, "Kaa tu." Hapo nakiri wifi na mimi tulikuwa kitu kimoja.

Sasa basi, wifi amevunjika, mkono umefungwa plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko, na daktari amesema plasta hiyo itatoka baada ya harusi. Kabla ya harusi, haiwezekani. Na gauni la bibi harusi halijakatwa.

Kingekuwa kitambaa cha dukani, nisingesumbuka. Kikiharibika unanunua kingine. Lakini binti alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo, na kiwanda kile kimefungwa, mitambo imeuzwa vyuma chakavu. Kabla hakijafungwa, wafumaji waliruhusiwa kila mmoja aondoke na kitambaa cha mwisho kilichotoka kwenye mtambo wake. Cha binti kilikuwa rangi ya maziwa, na ndani yake kuna vijani vidogo ambavyo huvioni mpaka ukisogeze kwenye mwanga. Alikifuma kwa mkono wake akijua ni cha nini. Kinatosha gauni moja, na ukikosea huna pa kwenda.

"Shangazi atakata," binti alisema jioni ile mama yake aliporudi hospitali.

"Shangazi yako hana mkono," akajibu wifi.

Binti akaitazama plasta. "Na wewe mama, unao?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Wifi hakucheka.

Kesho yake akatandika shuka kuukuu mezani, akashika mkasi kwa mkono wa kulia, akajaribu mwenyewe. Mkasi ukatafuna. Akajaribu tena, huku akiulaani mkono wake wa kulia kwa maneno ambayo sitayaandika. Ukatafuna tena. Akausukuma upande wangu bila kunitazama.

"Haya. Kata."

Nikakata. Nakwambia nilibana pumzi, nikashika kwa mikono yote miwili, nikasali. Kitambaa kikakunjika katikati ya mkasi na kukaa hapo. Nilipokivuta kikatoka na mikia.

"Huu mkasi ni butu," nikasema.

"Mkasi nimeunoa mwenyewe."

"Basi ndiyo maana."

"Wifi, sikia," akasema kwa ile sauti yake ya upole ambayo ni mbaya kuliko kelele zake. "Mtu kukosa mkono si dhambi. Ila usinisingizie mkasi."

Nikamwambia tumpelekee fundi wa mtaa wa pili. Akasema yule anakata huku anaangalia mpira. Nikamtajia fundi mama wa karibu na stendi. Akasema yule anabakiza vipande anawashonea watoto wake kofia. Nikamwambia, "Basi tumwite malaika ashuke!" Nilijua kwenye kichwa chake anatafuta kasoro ya malaika.

Alipofungua kinywa, alitoa jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Harusi isogezwe mbele. Watu wasubiri mpaka mkono upone.

Kaka alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Akasema, "Mama watoto, ukumbi tumeshaukodi. Na wakwe wameshaanza safari."

"Watarudi kwao. Njia wanaijua."

Binti hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikikunja kitambaa chake taratibu, akakirudisha kwenye mfuko, akasema, "Harusi haisogei, mama. Nitavaa gauni la kukodi. Nilikifuma hiki ili nyie wawili mkishone. Kama hamwezi kuaminiana hata kwa gauni moja, basi kikae." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza wifi hakwenda kuutikisa.

Mimi usingizi haukunijia vizuri. Nilikuwa na hasira na wifi, nilikuwa na hasira na mkono wangu, na zaidi nilikuwa na huzuni kwa yule mtoto niliyemlea, aende mbele za watu na gauni lililovaliwa na wengine wakati lake liko kwenye mfuko. Asubuhi kaka akampeleka wifi hospitali kukaguliwa plasta. Droo ilikuwa wazi tangu siku aliyoanguka. Mkono wa kulia wa wifi haukuweza kuzungusha ufunguo, na mimi hakunituma nifunge, maana angejuaje kama nimefunga kweli? Ndivyo mkasi uliotunzwa miaka yote ulivyobaki bila mlinzi. Nikautia mkobani, nikatoka.

Mnoa visu alikuwa kwenye kona yake, anakanyaga baiskeli yake isiyokwenda popote, jiwe linazunguka. Nikampa mkasi. Nikamwambia, "Nataka unoe huu mpaka ukate unywele. Na ukila chuma nitajua."

Akaugeuza. Akaufungua, akaufunga. Akaacha kukanyaga.

"Dada, huu una makali ya kutosha. Wa nani?"

"Wa wifi yangu."

"Wifi yako ni mtu wa shoto?"

"Umejuaje?"

Akacheka, yule mwanamume, akacheka kwa raha zake mimi nimesimama juani. Kisha akachukua kitambaa chake cha kufutia grisi, akashika mkasi kwa mkono wa kulia, akakata. Ukatafuna. Akauhamishia mkono wa kushoto, akakata. Krrr. Mstari umenyooka.

"Huu umetengenezwa kwa watu wa shoto," akasema. "Tazama upande unaokaa juu. Umegeuzwa. Mtu wa mkono wa kulia akiubana, vyuma vinaachana badala ya kushikana. Hata uunoe mpaka uishe, hautamkatia."

"Yaani kuna mikasi ya shoto?"

"Ipo. Michache. Mimi nimeiona kwa sababu kazi yangu ni kushika mikasi ya watu." Akanirudishia. "Angeniletea siku nyingi ningemwambia."

Nilirudi njia nzima nasema peke yangu, na watu wakinipisha. Angemletea! Lakini mnoa visu anakula chuma, si ndiyo? Nikapitia duka la vifaa vya ushonaji, nikanunua mkasi mpya wa kawaida, wa watu wa kawaida. Nikafika, nikatandika shuka lile lile, nikapiga mstari wa chaki kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho, nikakata.

Ukanyooka.

Nikakata mwingine, nikakata wa mviringo, nikakata shingo, nikakata kwapa. Nilikata shuka la wifi mpaka likaisha, na machozi yananitoka, na sijui kama yalikuwa ya furaha au ya kutaka kumnyonga mtu.

Waliporudi nilikuwa nimekaa katikati ya matambara. Wifi akaona kwanza mkasi wake juu ya meza, akafoka, "Nani amefungua droo?"

"Hukuifunga. Njoo hapa ushike huu mkasi wako kwa mkono wa kulia."

"Nilishajaribu jana."

"Sasa shika huu." Nikamtilia mkasi mpya mkononi. "Kata."

Akakata. Mkono wake wa kulia si hodari, mstari ulipinda kidogo, lakini ncha zilitoka safi, bila mkia hata mmoja. Akakitazama kile kipande, akaugeuza mkasi mpya, akautazama wake. Nikamweleza aliyoyasema mnoa visu, neno kwa neno, na sikumpunguzia kicheko chake.

"Mkasi ni mkasi," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. "Mzee wangu na yeye alikuwa wa shoto," akasema taratibu. "Ndiyo maana alinichagua mimi katika wanafunzi wote. Aliponipa mkasi huu aliniambia, 'Usimpe mtu, wataharibu kitambaa.' Hakusema zaidi ya hapo. Mimi nikajua anamaanisha watu."

Kaka mlangoni aliangalia viatu vyake.

"Yule binti mpole wa kule mtoni," wifi akaendelea, "aliyeondoka analia. Na yule kijana mwenye miwani. Na yule mama aliyesema ameshona miaka mingi, nikamwambia labda alikuwa anashona magunia. Wifi, na wewe. Wewe nimekupachikisha vishikizo mpaka..."

Macho yakamjaa. Mimi nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo kwa miaka, na sasa yamekuja siku ambayo sina nafasi ya kuyafurahia. "Utalia baadaye," nikamwambia. "Sasa hivi kuna gauni."

Tukamtoa binti chumbani. Kitambaa kikatandikwa chini ya mwanga wa dirisha, na vijani vyake vikajitokeza. Nikachora kwa chaki, wifi akinielekeza kwa kidole cha kulia. Tulipima, tukapima tena, na niliposema imetosha akapima yeye. Nikashika mkasi mpya. Nikaufungua.

"Subiri!" akasema wifi.

Nikasubiri. Akaangalia mstari wa kiuno, akasema haya. Nikaufungua tena.

"Subiri! Umeuacha upana wa mshono?"

"Nimeuacha."

"Hebu nione." Akaona. "Haya."

Nikafungua mkasi.

"Wifi, ila ukifika kwenye kwapa usi..."

Nikauweka mkasi mezani. "Toka nje."

"Nini?"

"Toka. Nje. Hujanipa kazi hii bado. Umeniacha nishike mkasi tu. Ukinipumulia shingoni namna hii nitakata vidole vyangu, halafu gauni litakuwa na madoa na utasema, 'Nilijua tu.'"

Alisimama pale, mkono wake wa plasta umening'inia shingoni, futi ya kupimia imemzunguka kola, na nilidhani atanipiga. Binti akamshika bega. Wifi akatoka. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, ametupa mgongo, na kwa mtu anayemjua, mgongo ule ulikuwa umebeba mzigo mzito kuliko lori la kaka.

Nikakata.

"Umefika kwapani?" sauti ikatoka nje.

"Kaa kimya!"

Nikakata mgongo, nikakata kifua, nikakata mikono, nikakata kola. Kitambaa kikawa kinafunguka mbele ya mkasi. Nilikuwa nao mkono. Wakati wote nilikuwa nao.

Nilipomwita aliingia mbio. Akavuta futi shingoni, akaikunjua kwa meno na mkono mmoja, akainama nayo juu ya kipande cha kifua. Halafu akaacha. Akaizungusha tena shingoni mwake bila kupima.

"Shona," akasema.

Kwa mtu mwingine neno hilo ni agizo tu. Mimi niligeukia cherehani haraka asinione uso.

Gauni likashonwa, likavaliwa, likapunguzwa kiuno, likavaliwa tena. Binti alipozunguka mbele ya kioo, vijani vilikuwa vinawaka na kuzimika, na wifi akasema kiuno kimekaa vizuri, kisha akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kuna mtu amembishia. Ikafika siku moja kabla ya harusi. Likabaki jambo moja tu, kulipiga pasi. Nilikuwa nimelilaza juu ya meza, nalinyoosha mikunjo kwa kiganja, ndipo kaka akaingia. Pasi iko mkononi, waya umekunjwa vizuri.

"Leteni nipige mimi," akasema. "Ni mtoto wangu."

"Weka chini hiyo pasi!" nilipiga kelele hata sikujua nimeshasimama. "Kaka, wewe? Gauni hili? Unataka tumwozeshe na tundu kifuani? Hapana, hapana. Kaa tu."

Kaka akairudisha mikono nyuma, pasi na yote. Akageuka aondoke.

Wifi alikuwa kwenye kiti cha wateja anapachika kishikizo cha mwisho cha blauzi yake ya harusi kwa mkono wa kulia, vibaya vibaya, maana nilikuwa nimemwachia. Akanigeukia.

"Ile pasi iliyounguza kola ilikuwa mbovu," akasema. "Ilikuwa ikishika moto haipoi. Mwaka ule ule tuliitupa. Yeye ndiye tuliyeendelea kumlaumu." Akakata uzi kwa meno. "Mpe, wifi."

Nikaangalia chini. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika pindo la gauni, na havikutaka kuachia. Nilijiambia, achia. Nikaachia kimoja kimoja. Kaka akaja, akachomeka pasi, akalowesha kidole akaigusa chini, tsss, akatandika kitambaa chepesi juu ya gauni kabla ya kuligusa, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyemfundisha. Mikono yake mikubwa ya usukani ilikuwa inakwenda taratibu.

Sikuweza kutazama. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ile ngazi, nikawapa mgongo. Nilisikia pasi ikiteleza, ikinyanyuliwa, ikirudi. Nilinusa hewa nikitafuta harufu ya kuungua. Nilivumilia kadiri nilivyoweza.

"Kaka," nikaita, "umefika kwenye kola?"

"Kaa kimya," akajibu wifi kutoka ndani.